Emanikor na Tairi za Misimu Yote

Emanikor wa Nawoitorong hakuwahi kuendesha gari maishani mwake, wala hakuona haja. Gari lilimpendeza kwa upande wa chini tu, na hasa likishachakaa. Alikuwa mkata akala, vile viatu vya mpira wa tairi. Miaka ishirini na mitatu alikaa chini ya bati lile lile sokoni Lodwar, kisu mkononi na rundo la tairi nyuma yake, na ukimsikia mtu akidai kwamba Turkana nzima kuna anayejua tairi kumzidi Emanikor, ujue huyo hajakaa naye, au amekaa naye akachoka kusikiliza.

Kwetu huku tairi ina maisha mawili. Maisha ya kwanza, chini ya gari, ni mafupi na ya taabu. Ya pili, chini ya mguu wa mtu, ndiyo marefu na yenye heshima. Ndiyo maana mtu wa Lodwar akinunua tairi mpya haulizi tu itakimbiaje. Huuliza pia itatoa akala za namna gani, kama vile mtu anunuavyo mbuzi wa maziwa huku anampapasa paja. Na swali hilo jibu lake lilikuwa kwa Emanikor. Aliishika tairi, akaibonyeza kwa ukucha, akainusa, na mbele ya wateja wageni aliiuma kabisa, kwa sababu alipenda kutazamwa.

Majisifu yake yalijulikana hadi Kaaleng. "Akala ya Emanikor haipenyi mwiba, haiishi, na haiterezi." Mwiba haukupenya, hiyo ni kweli. Haikuisha, hiyo pia ni kweli, watu walirithishana. Ama kuhusu kuteleza, hakuna aliyewahi kuhakikisha, maana mvua ikinyesha kila mtu mwenye akili huvua akala zake, akazishika mkononi, akavuka tope kwa miguu mitupu. Emanikor mwenyewe alikuwa wa kwanza kuvua. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba hapo pana kasoro.

Adui yake hapa duniani alikuwa mmoja, naye ni tairi ya waya. Zile za zamani, za nailoni, zilikatika kwa kisu vizuri na kutoa akala ngumu kama ubao. Hizi za kisasa zimefumwa nyaya za chuma ndani. Huharibu kisu, na ukifanikiwa kuzikata, ncha ya waya humsubiri mteja kisiginoni. Kidole gumba cha Emanikor kilikuwa na kovu la waya, na alimwonyesha kila mtu kovu hilo kana kwamba alilipata vitani. Basi mwaka huo wa 2013, baada ya uchaguzi, mji ulijaa magari mapya ya serikali ya kaunti na ya watafuta mafuta, na yote, yote kabisa, yalivaa waya. Nailoni ikaadimika. Emanikor alikuwa anaona njaa ikimjia kwa magurudumu manne.

Kisha, mwezi wa Aprili, mvua ikanyesha kama mtu aliyeudhiwa. Laga, ile mito ya msimu, zilizokaa kavu hadi watoto wakazifanya viwanja vya mpira zilijaa, na barabara ya Kakuma ikawa uji.

Hapo ndipo alipotokea Dau. Dau alikuwa Mdinka, aliyelelewa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma tangu akiwa mtoto wa kubebwa, na sasa aliendesha Probox aliyoshirikiana na rafiki yake Mturkana, akipeleka watu na mizigo kati ya Kakuma na Lodwar kila alipopata karatasi ya ruhusa ya kusafiri. Jumapili iliyotangulia tairi zake zenye upara zilikuwa zimemtelezesha akaingia lagani kinyumenyume, pamoja na waimbaji wanne wa kanisa, ambao hawakuacha kuimba mpaka maji yalipowafika magotini. Hakuna aliyeumia, ila Dau alikula kiapo kwamba haendeshi tena bila tairi mpya.

"Ejok, mzee," alisema, akichuchumaa mbele ya bati.

"Ejok noi. Nasikia umebatiza kwaya."

"Wacha hiyo, mzee. Mimi nataka tairi ya mvua. Ya jua, mafi, hakuna, hiyo sitaki shauri, jua najua mwenyewe. Hii mvua ndiyo itaniua, wallai. Twende kwa Mama Wanjugu, wewe unichagulie." Akainua mguu wake mmoja. Alikuwa amevaa akala za Emanikor, za mwaka wa tano. "Watu wengine wananidanganya kila mahali. Wewe bado hujanidanganya."

Maneno hayo yalimwingia Emanikor kama chai ya maziwa. Aliinuka, akajifuta mikono, akatangulia mbele kama daktari anayeitwa kwa mgonjwa mkubwa.

Wanjugu alikuwa mama wa makamo aliyekuja kutoka upande wa Nyahururu akiwa na pampu moja, na sasa alikuwa na duka la tairi lililojaa hadi darini. Alimpenda Emanikor kwa maneno yake na kumchukia kwa maneno yake hayo hayo. Dau alipoeleza shida yake, mama hakusita. Alivingirisha tairi moja hadi mlangoni.

"Hii ndiyo unataka. Inaitwa ya misimu yote. Ona hii mifereji minne, inatoa maji kando ndiyo gari isielee. Ona hii mikato midogo midogo, hii ndiyo inauma matope. Mpira wenyewe laini, lakini si ule laini wa kuyeyuka na jua. Na si mzee: soma namba hapa ubavuni, wiki ya arobaini, mwaka jana."

"Misimu yote," alisema Emanikor. "Mama, Turkana iko misimu ngapi?"

"Si mbili? Mvua na jua."

"Iko jua, alafu iko jua kali. Mvua inakuja kusalimia tu inaenda."

Ilimbidi aseme kwa kupaza sauti, kwa sababu wakati huo huo mvua ilikuwa inalipiga bati la duka kwa namna ambayo hata Wanjugu aliyekuwa karibu naye hakumsikia vizuri.

Hata hivyo Emanikor aliishika ile tairi, akaibonyeza. Ukucha ulizama kidogo, ukarudi. Akapitisha kidole katika mikato. Akainusa. Na nisimsingizie mtu wala nisimtetee: alijua. Katika sekunde ile ile, moyo wake ulimwambia kwamba huo ni mpira utakaoshika tope kama mtoto anavyoshika titi. Kisha kidole chake cha kovu kikafika ukingoni, kikahisi ndani ule ugumu wa waya.

Kwenye kona palikuwa na tairi nne za nailoni, nzito, nyeusi, za muundo wa zamani, za kubebea mawe. Emanikor alizitazama jinsi mwanamume mwenye njaa anavyotazama mbavu za mbuzi juu ya moto. Alihesabu jozi za akala kwa macho. Akaona wateja wa Kaaleng wakipanga foleni. Akaona miaka miwili ya kazi imelala pale konani.

"Hii ya mama itaisha kama sabuni," alisema. "Ile pale ndiyo tairi. Ile ni mfupa."

"Mzee!" Wanjugu aliruka. "Ile itateleza kama ndizi! Imetengenezwa kubeba mzigo, haijatengenezwa kwa matope! Wewe unajua vizuri kwa nini unaitaka ile!"

"Mama anataka kuuza ya bei," Emanikor alimwambia Dau kwa upole, kama anayemhurumia mama.

Dau alimtazama mmoja, akamtazama wa pili, akatazama miguu yake. "Khalas, basi," alisema. "Nipe ya mzee." Na kwa furaha akaongeza, "Na zikifa, mzee, ni zako zote nne."

Emanikor alijifanya kushangaa, kana kwamba jambo hilo halikuwa limempitia akilini.

Tairi zilifungwa alasiri ile. Dau akaenda kulala kwa jamaa zake, safari yake ya kurudi Kakuma ikiwa ni ya kesho yake asubuhi, Ijumaa. Emanikor akarudi nyumbani Nawoitorong akipiga mluzi. Mkewe, Apua, alimwambia mluzi huo haujasikika tangu nailoni iadimike, na akauliza ni nani kaibiwa. Kabla hajajibu, simu ililia.

Alikuwa binti yao Akidor, mwalimu wa chekechea Kakuma, mwenye mimba yake ya kwanza, miezi minane imetimia.

"Apa, baba, kliniki wamesema mtoto amelala upande. Wanasema nisingojee huku, nikuje Lodwar nikae karibu na hospitali kubwa. Lakini usishtuke, nimepata gari. Iko Mdinka mmoja anaitwa Dau, watu wote wanamsifu, ameniambia kwa simu amenunua tairi mpya za mvua. Amechaguliwa na mtu anajua kabisa. Atanichukua Jumamosi."

Simu ilikuwa ya sauti kubwa, na Apua alikuwa amesikia yote. Apua alikuwa ameishi na mwanamume huyu miaka thelathini, hakuhitaji kuelezwa.

"Nani alimchagulia Dau tairi?" aliuliza.

"Mimi."

"Umechagua ipi?"

Emanikor aliigeuza simu mikononi.

"Emanikor. Umemchagulia mtoto wangu tairi, ama umejichagulia akala?"

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Emanikor ilikuwa fupi kupita kiasi. Haikufika hata jioni. Usiku ule hakufumba jicho. Mvua ilinyesha, naye kila tone alilisikia likianguka kwenye barabara ya Kakuma. Aliogopa kama ambavyo hajapata kuogopa, na alijichukia, na kilichomuuma zaidi ni kwamba alikuwa amesifiwa kwa simu na mtoto wake mwenyewe.

Kulipopambazuka tu alikuwa mlangoni kwa Wanjugu. Dau alikuwa akijaza upepo kwa pampu ya mkono, tayari kuondoka.

"Toa hizo," Emanikor alisema, anahema. "Funga zile za mama. Zile za misimu yote."

Dau alisimama. Akamtazama mzee, akamtazama Wanjugu aliyekuwa anafungua kufuli. "Mama amekupa nini?"

"Hajanipa kitu. Mimi nilikudanganya."

"Lini? Jana ama leo?"

Hilo lilikuwa swali zuri. Emanikor alieleza mengi, nailoni, waya, wateja wa Kaaleng, njaa. Na kadiri alivyoeleza ndivyo Dau alivyozidi kutikisa kichwa. Kijana huyu alikuwa amekulia kambini, mahali ambapo kila tangazo la Jumatatu hupingwa na tangazo la Jumanne, na alikuwa amejifunza jambo moja: neno la kwanza lina ukweli, la pili limelipiwa.

"Mzee, mimi naheshimu wewe. Lakini hii ya leo si maneno yako. Mimi naamini miguu," alisema, akaikanyaga ardhi kwa akala zake. "Miguu yangu haijawahi kunidanganya."

Sasa Wanjugu, ambaye alikuwa na kila sababu ya kufurahia, alimwonea huruma. "Kama anaamini miguu," alisema, "basi mwonyeshe miguu."

Nyuma ya duka palikuwa na tairi moja ya misimu yote iliyopasuliwa ubavu na jiwe. Emanikor aliomba msumeno wa chuma. Mbele ya watu waliokwisha kuanza kukusanyika, kwa maana Lodwar hakuna siri asubuhi, mkata akala aliyeapa kutokata waya hadi kufa alikaa chini akakata waya. Msumeno ulilia. Nyaya zilimchoma vidole viwili. Alitoa kipande cha urefu wa mguu wake, akakifunga chini ya mguu wa kushoto kwa kamba za mpira wa tyubu. Mguu wa kulia akauacha ndani ya akala yake mwenyewe, ya nailoni safi, kazi ya mikono yake.

Kando ya duka palikuwa na mteremko wa udongo wa mfinyanzi unaoshuka hadi kwenye mtaro, na mvua ya usiku ilikuwa imeulainisha ukang'aa. Kila mtu aliyekuwa hapo alikuwa ameshika viatu vyake mkononi.

"Vua akala, mzee!" alipiga kelele Epuyo, mchungaji wa mbuzi aliyekuwa amekuja kutoka Kaaleng jana yake na kununua jozi mbili za akala. "Utaanguka!"

"Si umesema haziterezi?" akauliza mtu mwingine.

Emanikor alipanda juu ya mteremko. Mhandisi angecheka, angesema mguu wa mtu si gurudumu na mzee si gari. Lakini hapakuwa na mhandisi. Palikuwa na Dau, amekunja mikono, na watu kama arobaini, nusu yao wakiwa wateja.

Akapiga hatua.

Mguu wa kushoto ulishika. Mguu wa kulia ukasafiri. Ulikwenda pole pole kwanza, kama unaosita kumwacha mwenzake, kisha ukaongeza mwendo. Na kwa kuwa wa kushoto ulikataa katakata kuondoka ulipo, Emanikor alianza kufunguka katikati kama mkasi. Mikono ilitafuta kitu cha kushika hewani, isikipate. Watu walivuta pumzi. Mzee wa miaka hamsini na sita, huku wake za watu wakimtazama, alipiga msamba kamili, akakaa chini juu ya tope kwa kishindo, mguu mmoja juu ya kilima na mwingine mtaroni.

Kilifuata kicheko ambacho nadhani walikisikia hadi kule ziwani Eliye Springs. Wanjugu alilazimika kushika nguzo. Epuyo alilia machozi, kisha akanyamaza ghafla, akazitazama zile jozi mbili mpya alizoshika, akazigeuza, akazitazama tena upande wa chini. Emanikor aliliona hilo kutoka pale alipokuwa. Aliona pia wengine wakigeuza zao. Majisifu ya miaka ishirini na mitatu yalikuwa yanaondoka mbele ya macho yake, naye hakuweza hata kuyakimbilia, maana miguu haikuwa pamoja.

"Umeona?" alimwambia Dau akiwa pale pale chini. "Ule wa kulia ndio gari yako. Binti yangu Akidor ndiye abiria wako wa Jumamosi. Ana mtoto tumboni. Sasa niamini, ama nipande tena?"

Dau hakucheka tena. Aliingia topeni, akamwinua mzee kwa makwapa. "Ungesema hiyo ya binti kwanza," alisema.

"Nilikuwa naona haya."

Wanjugu alibadilisha tairi zote nne bila kununa, kwa sharti moja: kwamba mpaka mvua ziishe, mteja yeyote wa gari akimuuliza Emanikor, ajibu kuhusu gari. Emanikor alikubali. Aliangalia wakati nailoni zake zinarudishwa konani na waya zinafungwa, tairi ambazo hazitampa hata kamba ya kiatu zikifa, na alishangaa kwamba hakusikia uchungu mwingi. Alisikia uchungu wa nyonga tu. Epuyo alirudisha jozi moja. Ile nyingine aliibakiza, akasema hata hivyo miiba ipo. Na watoto wa Nawoitorong walipata jina jipya la kumwita mzee, Msamba, na hawakulitumia kwa uchoyo.

Jumamosi mvua ilianza saa mbili asubuhi, ikaendelea. Emanikor alikaa kizingitini, nyonga imefungwa kitambaa cha moto. Saa nne ikapita. Mtu mmoja aliyefika kutoka upande wa Kakuma kwa lori alisema njia ni mbaya sana, kwamba lori mbili zimelala ubavu na basi moja limezama mpaka milangoni. Apua hakumlaumu mumewe. Alikaa karibu naye, na hilo lilikuwa baya kuliko lawama. Saa sita. Saa saba. Emanikor aliahidi mbinguni mambo mengi, mengine yasiyowezekana.

Saa nane kasoro, Probox ilikata kona, imepakwa tope hadi juu ya paa, vioo havionekani isipokuwa nusu duara mbili za wipa. Ilisimama mbele ya nyumba. Dau alishuka akiwa ametoa macho, mikono ingali imejikunja kana kwamba bado imeshika usukani.

"Mzee," alisema. "Laga tatu. Mlima mmoja wa matope, wallai, nimepita katikati ya lori mbili, hapa na hapa. Nilisali Kidinka, nikasali Kiarabu, nikasali Kiswahili. Tairi zimeshika, mzee. Zimeshika!"

Lakini Emanikor alikuwa amekwisha kumpita, anachechemea kuelekea mlango wa nyuma. Aliufungua. Alikuwa tayari kusimuliwa. Alitaka, na si dhambi kutaka hivyo, mtoto wake amwambie jinsi gari lilivyotaka kuteleza na jinsi lilivyokataa, laga kwa laga, ili ajue alianguka kwa ajili ya nini pale mteremkoni.

Akidor alikuwa amejilaza juu ya mito miwili, mkono juu ya tumbo. Alifumbua jicho moja, akapiga mwayo mrefu.

"Apa? Tumefika?" aliuliza. "Mimi nililala njia nzima."